Wakwe wa Saa Nane Hivi

Mtaa mzima haukuwa na fundi wa saa wa kumfikia bwana huyu. Karakana yake ilibanwa kati ya duka la viatu na duka la miwani, chumba chembamba ambacho mteja mnene alilazimika kuingia kwa ubavu. Ukimpelekea saa iliyozama majini, au iliyokanyagwa na gari, au ile ya marehemu babu ambayo mafundi wengine wameshaitikisia kichwa, aliifungua, akaipuliza, akaisemesha kidogo kama mtu anayembembeleza mtoto ale, na mara ukaisikia inagonga. Ila ukimuuliza saa yako itakuwa tayari lini, hapo ndipo ulipojua kwa nini watu walimwita Nipo Njiani.

Jina hilo alilipata kwa simu. Ukimpigia kumuuliza yuko wapi, hata kama umesimama nyuma ya mlango wake na unamsikia akipiga miayo, angekujibu kwa sauti ya mtu anayehema, "Nipo njiani, nakaribia kabisa!" Wala mwenyewe hakujiona mwongo. Aliamini kwamba mtu akishanuia kwenda mahali, safari ameshaianza, na kutafuta soksi ni sehemu ya safari. Ndugu zake walikuwa hivyo hivyo, na watu wote wa kwao. Kwao mgeni akialikwa chakula cha mchana hufika jua likielekea kuchoka, mwenyeji naye huanza kupika akishamwona mgeni anavua viatu, na hakuna anayenung'unika, maana hakuna aliyewahi kufika mapema akajua alichokosa.

Basi Nipo Njiani alikuwa na binti mmoja, mtaalamu wa maabara ya hospitali, na huyo binti akapata mchumba. Alikuwa kijana mpima ardhi, mpole, mrefu, aliyezoea kuinama kila mlango hata ule usiomgusa kichwa. Kijana hakuwa na neno. Mwenye neno alikuwa baba yake.

Huyo baba alikuwa dereva wa treni mstaafu, Mzee Reli kwa jina la mjini, na watu wa kwao walikuwa na mila nyingine kabisa. Kwao kumweka mtu akingoja ni sawa na kumtukana mama yake. Wakialikwa saa fulani, wanabisha hodi saa hiyo. Wakifika kabla, wanazunguka nje kama wezi wanaopeleleza nyumba mpaka saa itimie. Mkewe alikuwa mwalimu wa hesabu, naye mstaafu, na inasemekana alichemsha mayai akiwa ameipa saa mgongo na yakatoka vilevile kila siku.

Ikafika zamu ya wazazi kujuana. Nipo Njiani akapewa simu azungumze na mkwe wake mtarajiwa.

"Karibuni sana Jumamosi," alisema, furaha imemjaa. "Mje mchana, saa nane hivi."

"Saa nane," alijibu Mzee Reli.

"Saa nane hivi."

"Ndiyo. Saa nane."

Nipo Njiani akakata simu ameridhika. Mzee Reli naye akakata ameridhika. Masikio ya Mzee Reli yalikuwa mazima, ila katika maisha yake yote ya kuendesha treni hakuwahi kuona ratiba iliyoandikwa "hivi", kwa hiyo neno lile lilimpita kama mtu anayepiga chafya katikati ya mazungumzo.

Jumamosi ikafika. Mke wa Nipo Njiani alikuwa mshonaji wa mapazia, na alikuwa ameapa kwamba wakwe hawatayakuta mapazia ya zamani. Asubuhi aliyang'oa yote madirishani. Saa nane inakaribia, mapya yalikuwa bado kwenye cherehani, pindo wazi. Makochi yalikuwa uani yanaanikwa baada ya kusuguliwa kwa sabuni. Kuku wa wageni alikuwa anatembea nyuma ya nyumba, hana habari. Binti alikuwa ametoka kwenda kununua soda. Nipo Njiani mwenyewe alikuwa bafuni, kichwa kimejaa povu, na maji yakakatika.

Saa nane ilipotimia, hodi ikapigwa barazani. Hakuna aliyeisikia, maana cherehani ilikuwa inanguruma. Hodi ya pili. Ya tatu. Mzee Reli alikuwa amevaa suti ya kijivu na tai iliyokaza shingo, Mwalimu amebeba keki, na kijana wao amesimama katikati akitoka jasho la mtu aliyebeba siri za nchi mbili. Akaona heri ampigie baba mkwe.

Ndani, simu ikalia mezani sebuleni. Nipo Njiani akatoka mbio bafuni na taulo kiunoni, akiteleza kwa miguu iliyolowa, akaipokea akiwa amelipa dirisha mgongo. Dirisha lenyewe halikuwa na pazia.

"Haloo! Mwanangu!" alisema. "Nipo njiani, nakaribia kabisa! Hapa tumekwama kwenye foleni, mwanangu, magari hayasogei hata kidogo!"

Akaona maneno hayo peke yake hayatoshi. Akausogeza mdomo pembeni ya simu, akapiga honi. "Pii! Piiiii! Unasikia mwenyewe! Watu hawana subira!"

Kisha akageuka.

Nje ya kioo walikuwa wamesimama watu watatu wamependeza. Mwalimu alikuwa ameiinua keki mpaka usawa wa macho, kwa heshima. Kijana alikuwa ameinama ingawa hapakuwa na mlango. Mzee Reli alikuwa anatazama tu. Povu likamteremka Nipo Njiani polepole kwenye paji la uso, likaingia jichoni, naye hakuthubutu kulifuta, maana mkono mmoja ulikuwa na simu na wa pili ndio uliokuwa umeshikilia heshima yake yote.

"Mwambie," Mzee Reli alimwambia mwanawe bila kuyaondoa macho dirishani, "foleni ikiisha atufungulie mlango."

Walifunguliwa. Walikalishwa kwenye benchi la jikoni na kiti cha cherehani, na Mwalimu akaambiwa aipakate keki kwa muda. Nipo Njiani alijisuuza kwa maji ya kunywa yaliyokuwa kwenye jokofu, mayowe yake yakasikika mpaka barabarani, kisha akaja sebuleni amevaa shati, masikio bado yana povu, mikono ameitanua.

"Karibuni, karibuni wakwe zangu! Mmewahi!"

"Hatukuwahi," alisema Mzee Reli. "Tumefika saa nane."

"Ndiyo hivyo. Mmewahi."

Mzee Reli akainua macho ukutani. Ukuta wa sebule ile ulikuwa umejaa saa ambazo hazikupata nafasi karakanani, kubwa kwa ndogo, zote zinagonga, na kila moja ina habari yake. Akazitazama moja baada ya nyingine kama mtu anayetafuta sura ya nduguye kwenye umati.

"Mkwe, katika hizi, ipi ndiyo saa ya nyumba hii?"

"Zote nzima," alijibu Nipo Njiani kwa fahari. "Ila kila moja na tabia yake."

Mzee Reli akalegeza tai. "Usinielewe vibaya. Kwetu sisi mtu akikuambia saa nane, na saa nane ikafika hayupo, tunaulizana amefariki wapi."

"Na kwetu sisi," alisema Nipo Njiani, naye ameanza kupanda, "mtu akialikwa saa nane hivi akaja saa nane, tunajua amekuja kuchungulia sufuria."

"Kuchungulia nini?"

"Sufuria."

"Ningechungulia nini?" Mzee Reli akaonyesha dirishani. "Si yule pale anapita?"

Wote wakageuka. Kuku alikuwa anapita.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mrama. Kuku alichinjwa kwa pupa, mkaa ukagoma kushika, na binti aliporudi na soda aliwakuta wazee wawili wamenuniana, kila mmoja anatazama ukuta wake. Mama mwenye nyumba alipika kwa mikono minane. Na pale alipotokea mlangoni na sinia kubwa la wali, mvuke unapanda na kuku juu yake ameiva wekundu, Mzee Reli alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Ahsanteni sana. Tulipanga kuondoka saa hii."

Wakaondoka. Mwalimu aliondoka akigeuka nyuma kulitazama sinia mpaka gari likakata kona.

Jioni hiyo binti alikuwa anaosha glasi ambazo hazikunywewa kitu. Nipo Njiani akamsogelea, akachukua kitambaa, akajifanya anafuta.

"Mkwe wako ana haraka sana yule," alisema. "Unadhani anakimbizwa na nani?"

Binti hakucheka. "Baba, siku niliyohitimu chuo ulifika viti vinapakiwa kwenye lori."

"Nilikupigia makofi lakini."

"Ulinipigia. Peke yako, uwanja mtupu."

"Nilipiga kwa nguvu."

"Ulipiga kwa nguvu, baba," alisema binti, na hapo akatabasamu kidogo, jambo ambalo lilimuuma baba yake kuliko kama angelia. "Ila siku moja tu natamani nigeuze shingo nikukute umeshakaa."

Nipo Njiani aliifuta glasi ile mpaka karibu itoboke. Usiku hakupata usingizi, na asubuhi akala kiapo mbele ya mkewe kwamba safari hii atawahi, kufa na kupona. Mkewe akamwambia, "Sawa, mume wangu," kwa sauti ile ile aliyotumia siku mumewe alipoapa kuacha sukari.

Haikupita wiki, simu ikatoka kwa wakwe, akaipokea binti. Mzee Reli, kwa kubembelezwa na mwanawe, aliwaalika waje kwake Jumapili, chakula cha mchana, saa saba.

Sasa sikilizeni jinsi watu wema wanavyoweza kuharibu jambo. Binti alijua baba yake ni wa namna gani, na mama yake naye hakuwa na nafuu sana. Akamwambia mama, "Tunatakiwa saa tano." Mama akaona, mume huyu ukimwambia saa tano atafika watu wanapiga mswaki walale. Akamwambia, "Saa tatu, baba, wala usinitanie." Akatoka hapo akampigia mdogo wake, muuza vipuri vya magari mwenye pikapu, ndiye angewapeleka. Na kwa kuwa mdogo mtu alikuwa wa ukoo ule ule, akamtajia saa moja. Huyo Shemeji safari hii alikuwa ameonywa na binti kwa machozi, akaamua kwamba hata saa moja ni kujitafutia lawama. Atakuja alfajiri, alale humo humo garini mlangoni kwa dada yake.

Halafu kulikuwa na saa ya chumbani. Mama aliisogeza mbele kabla ya kulala, ili mumewe akiiona ashtuke. Mumewe, ambaye kiapo kilikuwa bado kinamchoma, akanyemelea gizani, akaisogeza mbele tena, ili ajishtue mwenyewe. Hakuna aliyemwambia mwenzake.

Alipofungua jicho na kuitazama ile saa, Nipo Njiani aliruka kitandani kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Mke wangu! Tumechelewa! Tumekwisha!" Mke akatazama, naye akapiga kelele, maana hata baada ya kutoa ule muda aliouongeza yeye, hali ilikuwa mbaya. Walivaa wakigongana. Nje walimkuta Shemeji kwenye pikapu, mdomo wazi, anakoroma, wakamgonga kioo mpaka akawasha gari kabla hajaamka.

"Mbona giza?" aliuliza mama walipofika barabara kuu.

"Mawingu," alisema Nipo Njiani. "Mvua kubwa inakuja. Kanyaga mafuta, shemeji."

"Na watu wako wapi?"

"Wameshafika wanakokwenda! Wenzetu hao!"

Barabara ilikuwa nyeupe. Njia ambayo siku zote huwatoa roho kwa foleni waliimaliza mara moja, na walipokuwa wanaingia mtaa wa wakwe, yale mawingu ya Nipo Njiani yakapasuka, jua jekundu likachungulia juu ya mapaa. Mkewe akalitazama jua. Akaitazama saa ya garini. Akamtazama mumewe. Alifungua mdomo, akaufunga, akaona kwa usalama wa ndoa yake anyamaze.

Lakini Nipo Njiani hakuona jua wala saa. Aliona geti la mkwe wake limefungwa, hakuna gari lingine, hakuna mgeni mwingine, na kifua kikamjaa. Amewahi! Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, na hata kuzaliwa kwenyewe alichelewa, mama yake alikuwa akisimulia. Akashuka, akanyoosha koti la suti yake ya samawati, akalisukuma geti dogo kwa mkono wa mtu mwenye haki.

"Hodi wakwe! Tumewahi!"

Mzee Reli alikuwa bustanini, kaptula na fulana, ndala miguuni, anamwagilia maua kwa mpira. Tangu alipoanza kazi ya treni hakuna kiumbe aliyewahi kumjia kabla ya saa yake. Aligeuka mwili mzima, na mpira ukageuka naye. Maji yakampata Nipo Njiani kuanzia tai mpaka viatuni, yakapumzika kidogo, kisha yakarudi tena juu, maana Mzee Reli alikuwa amepigwa na butwaa na mkono haukuwa na taarifa.

"Mkwe," alisema mwishowe, mpira bado unatiririka. "Leo si Jumapili?"

"Ni Jumapili!" Nipo Njiani alikuwa analowa huku anachekelea. "Tumewahi!"

"Mkwe, wewe hujui unachokifanya." Mzee Reli alishusha sauti kama mtu anayezungumza karibu na mgonjwa. "Treni inayochelewa inaudhi watu. Inayowahi inaua. Inaingia stesheni, na nyingine bado iko kwenye reli!"

Ile treni nyingine ikatokea mlangoni, nayo ilikuwa Mwalimu, amevaa gauni la kulalia na vibiringisho vya nywele kichwa kizima. Alimwona mkwe wake wa kike amesimama getini katika gauni la sherehe, na nyuma yake mwanamume asiyemjua, Shemeji, amelala wima ameegemea nguzo. Wanawake wale wawili walitazamana. Halafu Mwalimu akaanza kucheka, akashika mlango, na mke wa Nipo Njiani akacheka naye, wakaendelea kucheka mpaka jirani akafungua dirisha.

"Pita ndani, mwenzangu," alisema Mwalimu akijipangusa macho. "Hawa waache wakaushane."

Suti ya samawati ikaanikwa kambani. Nipo Njiani akavalishwa nguo za kulalia za Mzee Reli, suruali na shati vya mistari, vimempwaya kiasi cha kumfanya aonekane kama mfungwa aliyekonda gerezani. Shemeji alitupwa kwenye kochi refu na hakuulizwa kitu. Wazee wawili wakabaki wamekaa wakitazamana, vikombe vya chai mkononi, na kabla ya chakula cha mchana kulikuwa na asubuhi nzima ambayo hakuna aliyekuwa ameipangia kazi.

"Nikuambie ukweli, mkwe," alisema Mzee Reli akikoroga chai. "Mimi leo nilikuwa nimepanga kuchelewa."

"Kuchelewa? Hapa kwako?"

"Mwanangu kanieleza mila zenu. Kwamba mwenyeji akiwa tayari mgeni akifika, ni kama anamfukuza. Basi nikasema, mkwe asije akajisikia vibaya. Saa saba mngenikuta sijavaa shati. Chakula saa nane na nusu. Nimefanya mazoezi wiki nzima."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kuchelewa! Unadhani ni kazi ndogo? Jana nimekaa kitandani, nimeshaamka, natazama dari. Nasema, leo siinuki. Jasho linanitoka. Miguu inataka kushuka, naishika hivi." Akaishika miguu yake kuonyesha. "Juzi nilimwambia kinyozi nitakuja saa nne, nikaenda saa nne na robo. Nimezunguka mtaa mpaka mbwa wamenizoea. Nikaingia nimechoka, nikasema, 'Samahani, foleni.' Yeye hata hakuinua macho. Mkwe, nyinyi mnawezaje?"

Nipo Njiani alikitazama kikombe chake. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo kwa nia ya kujifunza. "Huwa hatukusudii," alisema polepole. "Unakuwa unafanya kitu, basi. Unaona bado kidogo. Saa nimeishika mkononi, naifungua, naona kidude kimoja kimekaa upande, nasema nikiweke sawa halafu niondoke. Nikija kuinua kichwa, binti yangu ameshahitimu."

Mzee Reli hakucheka. Alimwongezea chai. Halafu akasema, kwa aibu kidogo, "Mimi sikukosa hata siku moja. Nilimshusha kila mtu stesheni kwa wakati wake. Lakini huyu kijana wangu alipozaliwa nilikuwa zamu, na zamu ni zamu. Nilimwona ana siku nne."

Jua lilikuwa limeingia sebuleni na kulala juu ya zulia. Chai ilikuwa ya maziwa, nzito. Nipo Njiani, aliyeruka kitandani alfajiri ya giza bila kujua, na aliyekuwa amevaa nguo ambazo kazi yake ni moja tu, alisikia kope zinakuwa nzito. Akajiambia ataegemea kidogo tu.

Mzee Reli alimtazama akilala. Kumwamsha mgeni haikuwezekana, na kumwacha peke yake ingekuwa kukosa adabu. Akahamia ubavuni kwake, akaketi wima, mikono magotini, kumlinda. Kichwa chake kikaenda mbele kidogo. Kikarudi. Kikaenda mbele tena.

Binti na mchumba wake walifika saa saba kasoro kidogo. Binti alikuwa ametoka hospitali moja kwa moja, na njia nzima alikuwa akipiga simu ya baba yake ambayo ilikuwa inalia ndani ya koti kambani. Aliingia na maneno ya kuomba radhi yameshajipanga mdomoni. Akamkuta baba yake sebuleni kwa mkwe, ameshakaa. Ameshakaa kiasi cha kukoroma, kavaa nguo za kulalia za mistari, kichwa kimemwangukia begani Mzee Reli, na Mzee Reli naye kichwa chake kimemwangukia juu, wanapokezana kukoroma kama pampu mbili za kisima kimoja.

"Baba amelala," alinong'ona kijana, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona mlima umehama. "Baba amelala mchana."

"Shh," ilitoka jikoni.

Jikoni wale kina mama walikuwa wamevua viatu. Walikuwa wameshapika, wameshaonja, na wameshaamua mambo yote yaliyokuwa yanawangoja wazee. Mwalimu aliwapakulia vijana huku akiwaeleza. Harusi itakuwa mwezi ujao, ukumbi ni ule wenye bustani, mapazia ya ukumbi atashona mama wa bibi harusi, na waume wasiulizwe kitu.

"Na saa?" aliuliza binti. "Kwenye kadi tuandike saa ngapi?"

Kina mama wakatazamana, na ilionekana hapo tu ndipo walipokwama.

"Ndugu zetu tuwaandikie asubuhi," alisema mama yake. "Ndugu zao waandikiwe mchana. Tukibahatika watakutana mlangoni."

Wakala wote wanne mezani jikoni, wanazungumza kwa minong'ono na kucheka kwa kuziba midomo. Shemeji aliamka kwa harufu, akaja akala, akarudi kulala.

Wazee waliamka alasiri, na aliyeshtuka kwanza alikuwa Mzee Reli. Alitazama dirishani, akaona kivuli cha mti kimeshavuka ukuta. Akashika kifua. "Saa ngapi?"

Hakuna aliyemjibu, maana wengine walikuwa bustanini wanatazama maua. Nipo Njiani aliamka naye, akajikuna, akajinyoosha kwa mistari yake. "Tumekosa chakula?"

"Mkwe," alisema Mzee Reli kwa sauti ya kutetemeka, "nimelala. Chakula kimepita na mimi nimelala."

"Pole." Nipo Njiani akampigapiga mgongoni. "Mara ya kwanza ndiyo inauma."

Wakaenda jikoni. Mzee Reli, ambaye hakuwahi kula chakula kilichopoa, alikula mguu wa kuku wa baridi akiwa amesimama, mkono mtupu, akashangaa. Akachukua wa pili. Binti alipoingia kuwatazama, Nipo Njiani alijifuta mdomo kwa mkono wa nguo isiyo yake, akasema, "Mwanangu, niliwahi. Muulize mkwe. Muulize mama yako."

"Najua, baba. Nilikukuta umekaa," alisema binti, akambusu kwenye upara.

Jioni ikaingia, wageni wakaaga. Kwao Mzee Reli kuaga ni neno moja na mkono mmoja. Kwao Nipo Njiani unaaga sebuleni, unaaga tena mlangoni, unasindikizwa mpaka getini mkizungumza habari ambazo mchana kutwa mlizisahau, na mtu akishapanda gari ndipo mazungumzo yenyewe yanapoanza. Mwalimu tayari alikuwa ameegemea mlango wa upande wa mama, wanapanga mambo ya keki. Mzee Reli alimpa mkono Nipo Njiani kupitia dirishani, akasema kwaheri, akageuka kuondoka. Akapiga hatua mbili. Akasimama. Akarudi, akaweka viwiko vyote viwili kwenye dirisha la pikapu.

"Ila kuna siku moja nilichelewa," alisema.

"Wewe?"

"Sijawahi kumwambia mtu. Hata mke wangu hajui. Alikuwa punda."

"Punda amefanya nini?"

"Amesimama kwenye reli. Napiga honi, ananitazama. Nikashuka. Nikamwambia, bwana, nina watu humu ndani, wana shughuli zao. Ananitazama tu. Abiria nao wakaanza kushuka, kila mmoja ana ushauri wake, mmoja anasema mvute mkia, mwingine anasema muimbie..."

"Mkamuimbia?"

Mzee Reli akatazama nyuma kuhakikisha mkewe hasikii, kisha akajisafisha koo. Shemeji, aliyekuwa ameshikilia usukani tangu jua halijazama, akashusha pumzi, akazima gari.